Makopo ya Mama Ndeshi

Wenzangu wa stoo, siku mliyoniaga mlinipa chupa ya chai na vitenge viwili, mkaniomba niwaandikie jinsi sisi wa zamani tulivyokuwa tukihifadhi chakula kabla hamjapata hayo mafriji yenu matatu, ambayo mawili ni mabovu. Nimeandika. Mambo ya vyeo na mishahara sikuyagusa. Yamo kwenye faili langu, na kwa jinsi ninavyoijua ofisi ya masijala, huko yamehifadhika kuliko chakula chochote nilichowahi kukikausha. Hapa nitawaeleza miaka yangu ya mwanzo tu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi.

Niliajiriwa kwenye kantini ya karakana ya ushonaji, Ilala, upande wa kuelekea Msimbazi. Karakana ilikuwa na wanawake karibu mia moja wakishona sare za shule na mashuka. Sisi wa kantini tulikuwa watu wanne, na kazi yetu ilikuwa kuwapa mlo mmoja, saa sita mchana. Msiudharau mlo huo. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na uhaba ulikuwa umeshakomaa. Mtu alikuwa akiona foleni anaingia kwanza, halafu ndipo anamuuliza aliye mbele yake wanapanga foleni ya nini, na mara nyingi aliye mbele naye alikuwa hajui. Siku kantini isipopika, mafundi wetu walitawanyika saa sita kwenda kutafuta unga, na cherehani zikalala mpaka kesho yake.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na viatu vya kisigino. Barua ya ajira ilisema "mtunza stoo", na mimi, binti wa Magomeni niliyemaliza kidato cha nne na mwenye mwandiko wa kusifiwa na walimu, niliamini kwamba penye stoo kuna meza. Nikamkuta mpishi mkuu, Mama Ndeshi, mama wa Kichaga kutoka Moshi, mfupi, mnene, mwenye miguu iliyokuwa ikivimba kila ilipofika saa nane. Amekaa kwenye kigoda katikati ya magunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua viatu, uje usikilize gunia."

Nilidhani ni utani wa kumpokea mgeni. Sikuwa nimemwelewa bado. Mama Ndeshi hakuwa mtu wa utani, na hata alipokuwa nao uso wake haukupewa habari. Nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye gunia la maharage.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama."

"Hilo zima. Njoo hili."

Gunia la pili lilikuwa linasema. Sauti ndogo, kavu, kama mtu anayekwaruza karatasi chumba cha pili. Ndani mlikuwa na fukusi wakibungua maharage yetu, na kwa nje gunia lilionekana jipya kabisa. Siku hiyo yote tuliianika ile shehena juani, tukaipepeta, tukaichanganya na majivu makavu yaliyochekechwa, tukairudisha guniani. Majivu yanamkosesha mdudu pumzi na njia. Kwenye kupika, unaosha mara tatu na hakuna atakayejua. Nilirudi Magomeni nimebeba viatu mkononi, na mama yangu alipoona nilivyojaa majivu akauliza kama ni kweli nimeajiriwa au nimetoka kwenye moto.

Elimu ya Mama Ndeshi ilikuwa na nguzo moja tu: masika. Mvua kubwa zikianza, malori hayafiki, kuni zinaloa, mboga inakuwa kama dawa kwa bei na kwa uchache. Kwa hiyo kuanzia mvua zilipokatika mwezi wa sita mpaka zilipokaribia tena, kila kilichopatikana kwa urahisi kilikaushwa. Saa kumi na moja jioni tulikuwa tukienda Kariakoo, wakati wauzaji wanafunga na hawataki kulala na mzigo. Tulinunua nyanya masalo, yaani zile zilizobondeka ambazo asubuhi yake zingetupwa. Mama Ndeshi alikuwa hapunguziwi bei kwa maneno. Alisimama mbele ya fungu akalitazama tu, kimya, kwa huzuni, mpaka mwenyewe akaanza kuona aibu kwa ajili ya nyanya zake.

Kutoka hapo tulipita kwa Mzee Awadhi, Mwarabu mwenye duka la viungo. Huyu alituwekea chumvi ya mawe, ndimu zilizoanza kunyauka, na makopo matupu ya samli yenye mifuniko. Makopo yale yalikuwa mali. Alikuwa akimwamkia Mama Ndeshi kwa heshima zote, halafu ananigeukia mimi, "Binti, huyu mama akikwambia chumvi haijatosha, ongeza, wallahi. Mimi nimo dukani miaka thelathini na sijamwona akikosea chumvi."

Nyanya tulizikata kati, tukazitia chumvi, tukazilaza kwenye wavu wa chandarua kuukuu juu ya bati la karakana. Zinatakiwa zikunjike bila kutoa maji, wala zisivunjike. Majani ya kunde na kisamvu tuliyachovya kwanza kwenye maji ya moto yenye chumvi, kisha tukayaanika kivulini, maana jua kali linayafanya yawe rangi ya gazeti la zamani na ladha vilevile. Muhogo tuliumenya tukaukausha kuwa makopa. Ndimu kila moja tuliipasua vipande vinne bila kuvitenganisha, tukazishindilia chumvi, zikakaa juani kwenye chupa wiki nne, kila siku zinatikiswa. Samaki tuliwapasua, tukawatia chumvi, tukawatundika wawe ng'onda.

Juu ya bati tatizo lilikuwa kunguru. Kunguru wa Dar es Salaam hawaogopi sanamu wala makelele. Tulitundika kitambaa cheusi, wakakizoea siku ya pili na siku ya tatu wakakitumia kufutia midomo. Mwishowe ikabidi kila siku mtu mmoja wa kantini akae juu ya ngazi na fimbo ndefu. Zamu yangu ilikuwa Jumanne na Alhamisi. Nilisoma miaka kumi na moja ili niwe msimamizi wa kunguru, nikamwambia hivyo Mama Ndeshi, naye akajibu kwamba kwa kunguru wale miaka kumi na moja haitoshi.

Mwaka wa kwanza niliharibu debe zima la nyanya. Nilizifunga jioni moja zikiwa bado na unyevu kidogo katikati, kwa sababu nilitaka kuwahi kwenda kusuka. Baada ya wiki tatu tulifungua tukakuta ukungu wa kijani mtupu. Mama Ndeshi hakunigombeza. Alinipa jembe, akanionyesha pa kuchimba, akasimama pembeni kwa ile miguu yake mpaka nikamaliza kuzika, kama tuko msibani. Tangu siku hiyo sijafunga kopo bila kubonyeza kila kipande kwa vidole, na nyinyi mliofanya kazi chini yangu mnajua nilivyowasumbua kwa hilo.

Jambo moja sikukubaliana naye. Mama Ndeshi hakuandika kitu kwenye kopo. Alijua kila moja lina nini na litafunguliwa lini, kwa kuliangalia tu. Mimi niliona ni ushamba.

"Tukiandika, mama, hata siku ambayo hupo mtu ataona."

"Ndiyo ubaya wake," akasema. "Stoo si sebule, Zuhura. Haina haja ya kuonwa."

Basi ikafika Desemba ya mwaka wangu wa tatu. Wachaga mnawajua: ikikaribia Krismasi mji mzima unapungua, wamepanda mabasi kwenda kwao. Mama Ndeshi naye akaenda Moshi mwezi mzima, akaniachia ufunguo na maagizo mawili: nitikise ndimu kila siku, na nisimwingize mtu.

Ndimu nilizitikisa. Lakini mwezi ule kata yetu iliendesha mashindano ya usafi kwa viwanda na karakana, na meneja akasema wakaguzi watapita mpaka kantini. Nikaona wakati wangu umefika. Nilipaka rafu chokaa. Makopo yote yaliyokuwa yamefichwa nyuma ya magunia niliyatoa nikayapanga mbele, makubwa chini, madogo juu. Kwenye ukingo wa rafu, chini ya kila fungu la makopo, nikabandika kikaratasi kwa mwandiko wangu wa kusifiwa: NYANYA KAVU, KISAMVU, MAKOPA, NG'ONDA, DAGAA, NDIMU, na kiasi chake. Ukutani nikaandika kwa herufi kubwa: KUJITEGEMEA.

Wageni walikuja watano. Wakasifu sana. Mmoja, aliyevaa suti ya mikono mifupi, alitoa daftari akawa ananakili vikaratasi vyangu kimoja kimoja, na mimi kwa furaha nikamsomea vile vya juu asivyoviona vizuri. Tulishika nafasi ya pili. Zawadi ilikuwa ndoo ya plastiki, ambayo wakati ule haikuwa kitu cha kudharau.

Mama Ndeshi aliporudi Januari alisimama mlangoni na mkungu wa ndizi mkononi, akaangalia rafu, akaangalia ukuta. "Umepaka chokaa," akasema, akaenda kuwasha moto.

Wiki chache kabla ya masika ndipo ulipoanza msako wa walanguzi. Redio ilitangaza asubuhi na jioni kwamba waliolundika bidhaa wakamatwe, na kwa kweli walanguzi walikuwepo, kila aliyewahi kukosa sabuni alikuwa anawajua kwa majina. Ila hofu ilimpata kila mtu aliyekuwa na zaidi ya mfuko mmoja wa kitu chochote. Nilipita Kariakoo nikakuta nusu ya maduka yamefungwa. Watu walikuwa wakitupa sukari yao wenyewe mtoni Msimbazi, sukari waliyoipangia foleni siku nzima. Mzee Awadhi nilimkuta amekaa nje ya duka tupu, anaogopa hata kuniuzia chumvi. "Rudi nyumbani, binti," akaniambia. "Leo mtu akiwa na akiba ni mwizi."

Ijumaa iliyofuata alikuja afisa pamoja na mgambo wawili. Mkononi alikuwa na orodha iliyopigwa taipu, na mpangilio wake niliutambua kabla hajaanza kuisoma: makubwa chini, madogo juu.

"Hiki chakula ni cha watu wangapi?" akauliza.

"Karibu mia moja," akasema Mama Ndeshi.

"Cha siku ngapi?"

"Mpaka masika yaishe."

"Mwananchi wa kawaida nyumbani kwake ana chakula cha siku ngapi?"

Mama Ndeshi akafikiri. "Cha leo. Akibahatika."

"Kwa hiyo nyinyi mnayo ziada."

"Hapana, baba. Sisi tunayo masika."

Afisa hakucheka, na Mama Ndeshi hakuwa amekusudia kuchekesha. Akauliza mwenye stoo ni nani. Mama Ndeshi akasema ni yeye. Afisa akaandika jina lake. Angemchukua saa ileile, na chakula chote, ila gari lao halikuwa na mafuta. Walikuja kwa miguu. Akasema atarudi Jumatatu na gari, na mwenye stoo awe tayari.

Walipoondoka nilimfuata Mama Ndeshi uani, nikamwambia yote: wageni, daftari, na jinsi nilivyomsomea yule mtu vikaratasi vya juu. Yule mama alikuwa karibu kustaafu, miguu yake haikuweza kusimama saa mbili mfululizo, na mimi nilikuwa nimemwandalia selo kwa ajili ya ndoo ya plastiki.

"Nilijua siku niliyorudi," akasema. "Mtu hapangi makopo vile kwa ajili ya panya." Kisha akaangalia upande wa stoo. "Mtoni hayaendi. Nimeyakausha kwa mikono yangu. Kesho Jumamosi, watu wanatoka mchana. Kila mmoja aondoke na kopo lake."

Tukafanya hivyo. Mafundi walipita stoo mmoja mmoja, na Mama Ndeshi, amekaa kwenye kigoda, akamkabidhi kila mtu kitu chake na maelezo yake. "Hizi ndimu, tikisa kila asubuhi." "Hili usiliweke sakafuni." "Wewe una watoto sita, chukua makopa. Mkikosa kabisa, kuleni, msione haya. Mkiweza, mvua zikianza, rudisheni." Hatukuandika popote nani kachukua nini. Walitoka na makopo chini ya khanga, na mlinzi wa getini aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona karakana ikishika mimba yote kwa siku moja.

Jumatatu afisa akaja na gari. Akaingia stoo, na mimi nyuma yake, ndipo nikaona tulichokisahau. Rafu zilikuwa tupu, safi, zimepakwa chokaa, na chini ya kila nafasi tupu kulikuwa na kikaratasi changu kikieleza ni kitu gani hakipo na ni kiasi gani. Tulihamisha chakula chote tukaacha orodha yake. Afisa alisoma vyote kumi na saba, taratibu, kisha akasoma ukuta.

"Mwenye stoo twende," akasema.

Mama Ndeshi akaanza kufungua aproni. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na fundo likawa halifunguki, akawa anahangaika nalo mbele ya wale mgambo. Sikuwa jasiri. Nawaambieni kweli, mpaka dakika ile nilikuwa naomba tu asigeuke akaniangalia. Lakini lile fundo lilinishinda.

"Aliyepanga stoo hii ni mimi," nikasema. "Na aliyeandika ni mimi. Huyu mama alikuwa Moshi."

"Zuhura, nyamaza," akasema Mama Ndeshi.

Afisa akanipa kalamu na kipande cha karatasi, akaniambia niandike neno dagaa. Nikaandika. Hata kwa hofu ile mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na ulifanana kabisa. Wakanipandisha kwenye gari. Nilipoangalia nyuma, Mama Ndeshi alikuwa bado ameshika fundo la aproni.

Nilikaa mahabusu siku tisa. Ya ndani sitayaandika. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye chumba cha wanne, na mmoja alikuwa ndani kwa ajili ya khanga za harusi ya mwanawe. Chakula cha mahabusu kilikuwa kinaletwa na ndugu, na mimi nililetewa kila mchana na Tatu, fundi wa mashati, kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Siku mbili za kwanza ulikuwa ugali wa unga wa njano na chumvi. Siku ya tatu mvua ikaanza kunyesha, na mchana wake sufuria ikaja na kisamvu kikavu kilichoungwa nyanya. Siku ya tano ng'onda. Siku ya saba maharage na ndimu. Nikajua makopo yanarudi. Nilikuwa najua hata ni lipi limefunguliwa, na nilimgawia yule wa khanga, akasema hajala chakula kizuri hivyo tangu atoke kwake.

Siku ya tisa afisa mwingine alinisomea kwamba kielelezo kilichopatikana dhidi yangu ni vikaratasi kumi na saba. Akanitazama, akatazama vile vikaratasi, akaniambia niende.

Nilitembea kwa miguu mpaka karakana, tope mpaka magotini. Mafundi walikuwa wameshakula na kurudi kwenye cherehani. Mama Ndeshi alikuwa peke yake stoo, miguu ameiweka kwenye ile ndoo ya plastiki yenye maji ya chumvi. Makopo yalikuwa yamerudi nyuma ya magunia. Hayakurudi yote, na mengine yalirudi nusu. La yule Tatu wa mashati lilirudi na vipande vinne vya makopa, na alilia alipolikabidhi, mpaka Mama Ndeshi akamwambia vinne vinatosha kuonja. Chokaa ilikuwa palepale, lakini ukuta ulikuwa umefutwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akarudi tena kichwani. "Umekonda."

Ndipo nikaona pembeni yake, mbali na mengine, makopo sita yamepangwa mstari mmoja, yamezibwa kwa nta ya mshumaa. Sikuyatambua. Nikamuuliza ni ya nani.

"Yako."

"Yangu ya nini, mama?"

"Mwenye duka mmoja pale Kariakoo alifungwa miezi sita," akasema. "Nikakuwekea ya miezi sita. Kila kopo mwezi mmoja. Umerudi mapema."

Nikashika kopo la kwanza. Lilikuwa zito, limeshindiliwa mpaka juu, wakati wenzangu wote walikuwa wanakula nusu mlo. Nikaanza kulia kwa sauti, kama mtoto, nimelikumbatia kopo. Mama Ndeshi akaninyang'anya lile kopo, akalifuta kwa aproni pande zote, akalirudisha kwenye mstari, akaniambia kama ni kulia nikalie uani, ng'onda haitaki unyevu.